Hesabu Zilizomwangusha Menahem Golan

Tarehe 16 Machi 1990 majumba ya sinema ya Marekani yalifungua filamu mbili kwa siku moja, zote kuhusu dansi moja, lambada. Ya kwanza ilitoka Cannon, kampuni alikobaki Yoram Globus. Ya pili, The Forbidden Dance, ilitoka kwa Menahem Golan, aliyekuwa ameondoka Cannon mwaka mmoja tu nyuma. Golan na Globus ni binamu. Walikuwa wametengeneza sinema pamoja kwa zaidi ya miaka 20, na sasa kila mmoja alikuwa akikimbiza mafundi wake usiku na mchana ili mwenzake asimtangulie. Zote mbili ziliondoka sokoni upesi. Watazamaji hawakuwa na hamu ya lambada kiasi hicho.

Wasomaji wa umri wangu huenda hawalijui jina la Golan, lakini wanazijua kazi zake. Missing in Action, Invasion U.S.A. na The Delta Force za Chuck Norris. American Ninja ya Michael Dudikoff. Cobra ya Sylvester Stallone. Bloodsport, picha iliyomtoa Van Damme. Zote zilitoka Cannon, na kwa karibu miaka kumi mtayarishaji mkuu pale alikuwa yeye. Anapoandikwa siku hizi husemwa kwamba alianguka kwa sababu picha zake zilikuwa mbovu. Mimi ni mhasibu kwa kazi, na maelezo hayo siyakubali. Picha za bei rahisi ndizo zilizompandisha. Kilichomwangusha kimeandikwa kwenye vitabu vya hesabu.

Alizaliwa Tiberias mwaka 1929, Palestina ikiwa chini ya Waingereza, kwa jina la Menahem Globus. Jina la Golan alilichukua mwaka 1948. Alisomea maigizo London, kisha akapata nafasi ya kumsaidia Roger Corman, Mmarekani aliyesifika kwa kutengeneza filamu kwa fedha kidogo na siku chache. Aliporudi nyumbani alianzisha kampuni na binamu yake, Golan akishika kamera na hadithi, Globus akishika fedha. Sallah Shabati ya mwaka 1964 ilifika hadi kwenye uteuzi wa Oscar. Mwaka 1977 aliongoza Operation Thunderbolt, filamu ya uvamizi wa Entebbe uliotokea mwaka mmoja kabla, nayo ikateuliwa vilevile. Kwa hiyo hakuingia Marekani kama mtu wa kubahatisha. Mwaka 1979 binamu hawa walinunua Cannon, kampuni ndogo iliyokuwa taabani, kwa takriban dola nusu milioni.

Njia yao ya biashara niliielewa kabla sijajua kwamba wapo duniani. Nilikulia Ngamiani, Tanga. Kaka yangu alikuwa na banda la video, kuta za mabati, mabenchi ya mbao, deki moja na televisheni iliyofunikwa kitambaa mchana kutwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo banda lile lilikuwa sinema yetu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni kupokea kiingilio, na kabla ya hapo kuandika tangazo kwenye ubao kwa chaki. Kaka alinielekeza mapema kabisa: "Mdogo wangu, jina la stelingi liwe kubwa kuliko jina la picha." Nikauliza itakuwaje kama kanda yenyewe haijafika kutoka mjini. "Andika tu. Itafika."

Pale mlangoni niliona jambo ambalo baadaye nililisomea chuoni kwa maneno marefu: mtazamaji hulipa kabla ya kuona. Analipia jina, picha ya kwenye tangazo, na kumbukumbu ya ile aliyoiona wiki iliyopita.

Golan aliligeuza hilo kuwa mfumo wa dunia nzima. Kila mwezi Mei alikwenda Cannes, Ufaransa, na mabango ya filamu ambazo bado hazikuwa na hata ukurasa mmoja wa hadithi. Bango lilikuwa na jina, mchoro wa mwanaume na bunduki, pengine na jina la mwigizaji ambaye hajatia saini. Wanunuzi wa kila nchi walikuja mezani, huyu akinunua haki za video, yule za majumba ya sinema, mwingine za televisheni, kila mmoja akiweka ahadi ya malipo. Mikataba hiyo ilipelekwa benki, hasa benki moja ya Uholanzi, ikawa dhamana ya mkopo, na mkopo ndio uliotengeneza filamu. Mkulima anayeuza mpunga ungali shambani anaujua mpango huu vizuri. Hauna dhambi ndani yake, mradi shamba ni kubwa kuliko ahadi.

Na mwanzoni shamba lilitosha. Breakin', filamu ya brekidansi ya mwaka 1984, iligharimu zaidi kidogo ya dola milioni moja na kuingiza Marekani peke yake kama dola milioni 38. Missing in Action ya mwaka huohuo ilifanya vizuri vilevile. Ukitengeneza kwa milioni moja au mbili, na mauzo ya awali yameshafidia gharama, huna cha kuogopa. Picha ikifa hujapoteza. Ikiishi umetajirika.

Tena alikuwa mtu aliyependa sinema kwa moyo wote, na hili nalisema bila kusita. Wakati studio kubwa zilipomfungia milango mwongozaji John Cassavetes, Golan ndiye aliyempa fedha za Love Streams, iliyoshinda Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka 1984. Alimpa Andrei Konchalovsky fedha za Runaway Train, ikateuliwa Oscar mara tatu. Na Jean-Luc Godard alitia saini naye mkataba wa King Lear juu ya kitambaa cha mezani cha karatasi, hapohapo Cannes. Mtu asiyejali hafanyi hivyo, maana hakuna mwenye banda duniani aliyekuwa akisubiri kanda ya Godard.

Sasa nije kwenye vitabu.

Mhasibu wa filamu ana tatizo ambalo mhasibu wa duka la sukari hana. Gharama yote inatoka mwanzoni, mapato yanakuja kidogo kidogo kwa miaka. Sheria za uhasibu zinamruhusu kukadiria filamu itaingiza kiasi gani katika maisha yake yote, kisha kuitawanya gharama kulingana na makadirio hayo. Tuseme filamu imegharimu dola milioni 5, na mwaka wa kwanza imeingiza milioni 5. Ukikadiria kwamba mwishowe itaingiza milioni 20, mwaka huu unaandika robo tu ya gharama, yaani milioni 1.25, na vitabu vinaonyesha faida ya milioni 3.75. Ukikadiria kwa ukweli kwamba mwisho wake ni milioni 6, unatakiwa kuandika gharama zaidi ya milioni 4, na faida inabaki haifiki hata milioni moja. Filamu ni ileile. Fedha zilizoingia ni zilezile. Kilichobadilika ni matumaini ya mtu aliyeshika kalamu, na Golan alikuwa mtu wa matumaini kupita kiasi.

Faida za namna hiyo zilipandisha bei ya hisa za Cannon, na hisa ziliwawezesha kukopa zaidi. Mwaka 1986 kampuni ilikuwa na filamu 43 mkononi kwa mwaka mmoja, idadi ambayo studio kongwe hazikuthubutu. Mwaka huohuo walinunua kutoka kwa tajiri wa Australia, Alan Bond, mali ya sinema iliyokuwa ya Thorn EMI huko Uingereza, kwa takriban pauni milioni 175. Ndani yake zilikuwemo studio za Elstree, mamia ya kumbi za sinema, na maktaba ya filamu za Waingereza za miaka mingi. Watu wa sinema Uingereza walishtuka, wengine kwa majivuno ambayo siyapendi, kwamba watengenezaji wa ninja wamekabidhiwa urithi wao. Mimi naona kosa lilikuwa kwenye tarakimu. Kampuni iliyozoea kutengeneza picha ya milioni moja ilichukua deni la zaidi ya milioni 250 kwa dola, na mapato yake bado yalikuwa ahadi.

Hapo ndipo alipoacha alichokijua. Stallone alilipwa dola zisizopungua milioni 10 kwa Over the Top, hadithi ya dereva wa lori anayeshindana kupindana mikono, na Marekani picha nzima ilirudisha kama milioni 16. Masters of the Universe ilikula zaidi ya milioni 20. Kisha ikaja Superman IV ya mwaka 1987, ambayo bajeti yake ilikatwa kutoka kama milioni 36 hadi 17 kazi ikiwa imeshaandaliwa. New York ikatafutwa Milton Keynes, mji wa Uingereza, na kituo cha reli cha pale kikafanywa makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Kaka aliipata kanda yake baadaye. Watu wa Ngamiani, waliovumilia kanda zilizonakiliwa hadi nyuso hazionekani, walinung'unika kwamba Superman anaonekana ananing'inia.

Mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilianza kuzichunguza hesabu zao. Bei ya hisa iliporomoka, maktaba ya filamu iliuzwa, na kampuni ikaangukia mikononi mwa Mtaliano Giancarlo Parretti, ambaye mwisho wake ulikuwa mahakamani. Golan alitoka mwaka 1989. Aliondoka na haki za Captain America na za Spider-Man, hizi za pili zikiwa zilinunuliwa kutoka Marvel mwaka 1985 kwa dola 225,000. Captain America aliitengeneza, na Marekani iliishia kwenye kanda za video. Spider-Man hakuwahi kuipatia fedha. Kampuni yake mpya ilifilisika, haki zikazunguka mahakamani kwa miaka, na filamu ilipotoka mwaka 2002 chini ya Sony iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani. Aliona mapema kuliko wakubwa wengi wa Hollywood kwamba mashujaa wa vitabu vya katuni watakuwa dhahabu. Mtu anayeona mbele namna hiyo, angekuwa na mhasibu mwenye ubavu wa kumwambia "hapana" mwaka 1986, angeweza kufa tajiri. Globus aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa ndugu, na ndugu kukataa ni kazi ngumu.

Golan alifariki Jaffa tarehe 8 Agosti 2014, akiwa na miaka 85. Miezi michache kabla, yeye na Globus walikwenda Cannes pamoja kutazama filamu iliyotengenezwa juu ya maisha yao. Tangu hapo ameandikwa kwa upendo mwingi, na upendo huo ninao. Alinipa utoto wangu, na kutoka Ngamiani hakupata hata senti, kwa sababu kanda zetu zote zilikuwa za kunakili.

Lakini mapenzi hayanifumbi macho. Katika The Delta Force mkuu wa magaidi anaitwa Abdul, na anachezwa na Mmarekani, Robert Forster. Bandani kwetu walikaa akina Abdul watatu au wanne kila usiku, na wote walimshangilia Chuck Norris. Niliwaona nikiwa mlangoni. Halafu kuna King Solomon's Mines ya mwaka 1985. Kitabu chake tulikijua shuleni kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, kama alivyokitafsiri Frederick Johnson. Haggard, mtunzi wake, alikuwa Mwingereza wa enzi za himaya na ana mengi ya kujibu, lakini hata yeye alimpa Umbopa, mhusika wake Mwafrika, heshima ya mfalme. Golan alikwenda kuipiga picha hiyo Zimbabwe, miaka mitano tu baada ya uhuru, akawaweka Richard Chamberlain na Sharon Stone ndani ya chungu kikubwa kuliko nyumba, wamezungukwa na Waafrika wanaosubiri wazungu waive. Watu walicheka bandani. Kaka alicheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikujua la kufanya na uso wangu.

Cannon ilipoanguka, orodha ya wadai wake ilikuwa ndefu, benki, wenye hisa, waigizaji wakubwa, na kila mmoja alikuwa na wakili. Wale Wazimbabwe waliosimama kuzunguka chungu hawamo katika kitabu chochote nilichosoma kuhusu Golan. Wale waliokuwa vijana wakati ule sasa ni watu wazima sana, na wengi bila shaka wapo hai. Waandishi wa Harare wawatafute. Wawaulize walilipwa kiasi gani kwa siku, nani aliwaeleza hadithi inahusu nini, na kama kuna mtu aliyewahi kuwaonyesha picha yenyewe ilipokamilika.