MASHINE NAYO YAPASA KUULIZA

Zamani mtu alipoandaliwa chakula alinawa mikono, akamshukuru Mungu, akala. Siku hizi wako wenzetu wengi ambao, kabla ya tonge la kwanza, hutoa simu na kuipiga picha sahani. Wasidhaniwe kuwa wanafanya mchezo. Baadhi yao wameambiwa na daktari kwamba wana kisukari, wengine wana shinikizo la damu, na wengine wameona wenyewe kwamba mshipi wa mwaka jana haufiki tena. Ndani ya simu mna programu yenye akili mnemba. Hiyo huitazama picha, hutaja jina la chakula, hukadiria uzito wake, kisha hutoa hesabu: kalori kadha, wanga gramu kadha, mafuta gramu kadha. Hesabu huandikwa katika daftari la siku, na mwisho wa juma mtu hujisomea jinsi alivyokula.

Sisi twaliunga mkono jambo hili. Kumbukumbu ya mwanadamu katika habari za tumbo lake si ya kutegemewa. Mwaka 1992 madaktari wa New York walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu wanene waliosema kwamba hula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia ya kitaalamu ilionekana kwamba walikuwa wakiandika karibu nusu tu ya chakula walichokula. Hatuwaiti waongo, hata mtu mwaminifu husahau kipande alichoonja jikoni. Basi chombo kinachoandika papo hapo, mbele ya sahani yenyewe, ni msaada mkubwa.

Walakini, ndugu msomaji, chombo hiki kina kasoro moja ambayo yafaa isemwe waziwazi: hutamka kwa uhakika jambo ambalo hakikuliona.

Weka mbele yako sahani mbili za wali, mmoja umepikwa kwa maji na mwingine kwa tui zito la nazi. Katika picha zaweza kufanana kama mapacha. Weka vikombe viwili vya chai, kimoja kikavu na kingine chenye vijiko vitatu vya sukari. Picha itaonyesha nini? Sukari imekwisha kuyeyuka, na zile gramu 12 hivi hazionekani tena. Mchicha uliokaangwa kwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta na ule wa vijiko vitatu ni rangi ile ile, lakini kila kijiko kikubwa cha mafuta huongeza kalori zipatazo 120. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba hujazwa na vitu ambavyo jicho la simu haliwezi kuviona. Tena picha ya sinia moja wanalolizunguka watu watano haisemi nani amekula kiasi gani.

Kosa huzaliwa katika hatua tatu. Kwanza, kutambua chakula. Mashine hufundishwa kwa picha, nayo hujua kile tu ilichoonyeshwa. Mwaka 2014 wataalamu wa Zürich, Uswisi, walitoa hazina ya picha 101,000 za vyakula vya aina 101, ambayo imetumiwa sana katika kazi hii. Sambusa imo, ugali haumo. Pili, kukadiria kiasi. Picha ni bapa, haionyeshi kina cha bakuli. Mwaka 2021 watafiti wa Google walitoa hazina ya sahani zipatazo 5,000 zilizopimwa kwa mizani, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini sahani hizo zilitoka katika mikahawa ya California, nchini Marekani. Tatu, kusoma jedwali la virutubisho. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kalori zipatazo 360, lakini gramu 100 za ugali zina pungufu sana, maana sehemu kubwa ya ugali ni maji. Mashine ikichukua mstari wa unga mahali pa mstari wa ugali, hesabu yote imeharibika. Na makosa ya hatua hizi tatu yaweza kubebana hadi yakawa mzigo mkubwa.

Yamkini mtu atauliza, je, kukosea kalori mia mbili kwamdhuru nani? Kwa mtu mzima wa afya, siku moja, si neno. Lakini wako wagonjwa wa kisukari wanaojidunga insulini, na kila mlo hupima dawa kwa kadiri ya wanga walao. Mashine ikimwambia mmoja wao kwamba wanga ni mwingi kuliko ulivyo, naye akaisadiki, atajidunga dawa kupita kiasi. Sukari ya damu yaweza kushuka hata akatetemeka, akachanganyikiwa, akazimia. Mfikirie mtu huyo yuko juu ya ngazi, au mbele ya msumeno wa umeme, au ameshika usukani wa basi. Hapo hesabu ya simu si mchezo tena.

Dawa ya kasoro hii si kuitupa mashine, wala si kungoja ipate macho ya malaika. Dawa ni kuifundisha kuuliza. Ikiona wali, iulize: wa nazi au wa maji? Ikiona chai: sukari vijiko vingapi? Ikiona sinia: mnakula wangapi? Swali moja au mawili, yale tu yanayobadili hesabu kwa kiasi kikubwa, na yaulizwe kwa lugha ya mlaji. Aliyekula anajua, au mama lishe aliyepika anajua; kwa nini mashine ibahatishe na mwenye habari yu hapo karibu?

Wako watakaosema kwamba picha ilikusudiwa kuondoa usumbufu, na kwamba maswali yatawachosha watu hata waache kuandika. Hoja hii ina uzito. Mfanyakazi mwenye nusu saa ya chakula hatajibu maswali kumi. Kwa hiyo mashine iwe na kumbukumbu. Mtu anayekula kila siku kwa mama lishe yule yule aulizwe mara moja, kesho yake simu imwambie, "Kama jana?" naye aitikie. Akiisahihisha, masahihisho yashike.

Kadhalika iache kutoa namba moja kavu kana kwamba imepima kwa mizani. Kusema kalori 612 kwa chakula kilichotazamwa tu kwa macho ni kujifanya mjuzi. Iseme kati ya 500 na 700, na mtu atajua jinsi ya kuitumia hesabu hiyo. Na pale hesabu inapogusa dawa, imwambie mgonjwa waziwazi kwamba haya ni makadirio, afuate kipimo cha damu na maelezo ya daktari wake.

Tena majedwali ya vyakula vyetu yapo. Tanzania ilipata jedwali lake mwaka 2008, na Kenya ikatoa la kwake mwaka 2018. Mtengenezaji wa programu anayetaka kuuza kazi yake kwetu hana udhuru wa kupima makande yetu kwa kitabu cha nchi nyingine. Na vipimo viwe vya jikoni mwetu: upawa, kikombe, kijiko, kipande, maana hapana mpishi ateleka sufuria kwa gramu.

Nawe ndugu unayeitumia simu hiyo, usiikubalie kila isemalo. Ikitaja jina lisilo la chakula chako, isahihishe. Ikisahau mafuta, yaongeze. Mtu akifanya hivyo kwa juma moja atagundua mwenyewe mahali mafuta na sukari yake vinapojificha, na maarifa hayo yatabaki kwake hata siku simu itakapoishiwa umeme. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Neno hilo lilisemwa kwa watu. Leo laifaa na mashine pia.