MSAMAHA WA KODI UWE NA SIKU YA KUFA

Sisi watu wa Kinole twajua uzito wa ushuru, maana tumeubeba kichwani pamoja na ndizi. Mama ateremka mlimani alfajiri na mkungu wake, au na furushi la mdalasini, na kabla hajauona uso wa mnunuzi wa Morogoro mjini ameshakutana na mtu wa stakabadhi. Hadi mwaka 2017 halmashauri ziliruhusiwa kutoza ushuru wa mazao asilimia 5. Mwaka huo Bunge liliushusha kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani 1 ukaachwa upite bure kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Twashukuru. Lakini tuliungoja unafuu huo miaka mingi.

Wakubwa hawangoji hivyo. Sheria ya uwekezaji ya mwaka 1990 iliwapa miaka 5 bila kodi ya mapato. Watu wakanong'ona kwamba miaka ikiisha kampuni hubadili jina, kama nyoka ajivuavyo gamba, ikaanza kuhesabu upya. Mtindo ule ulifutwa mwaka 1997. Mwaka 2002 ikaja sheria ya viwanda vya kuuza nje, na safari hii wakapewa miaka 10! Hiyo walau ina hesabu. Mibaya zaidi ni ile misamaha iliyofichwa katika majedwali na mikataba bila tarehe yo yote ya kukoma. Mkaguzi Mkuu alionyesha kwamba mwaka 2011/12 misamaha ilifika shilingi trilioni 1.8, na mwaka uliotangulia ilikuwa trilioni 1 na kidogo. Mingi ilikuja kupunguzwa kwa sheria ya VAT ya mwaka 2014, baada ya kelele nyingi. Je, kila mara tupige kelele kwanza?

Twataka kila msamaha uandikwe pamoja na siku yake ya kufa. Miaka 3 yatosha. Siku ikifika ufe wenyewe, na autakaye tena aje Bungeni mbele ya watu aseme: nimesamehewa kiasi hiki, nimeajiri watu kadhaa. Leo ni kinyume. Mwananchi ndiye atafutaye ushahidi, naye mkubwa amelala.

Jambo hili si geni. Mwaka 2023 nguo zitengenezwazo nchini kwa pamba yetu ziliondolewa mzigo wa VAT kwa mwaka 1 tu. Mwaka 2024 muda ukaongezwa. Wako wanaocheka kwamba tarehe hiyo ni mchezo, kwa kuwa huongezwa. Sisi hatucheki. Iliongezwa hadharani, katika bajeti, na kila mtu akasikia.

Ati wawekezaji watakimbia. Mtu mwenye hesabu safi aogopa tarehe kwa nini? Akiambiwa miaka 3 atapanga miaka 3.

Wala tusijifiche. Pembejeo nyingi za kilimo nazo zimesamehewa VAT, nasi twafaidi. Hizo pia zitiwe tarehe. Ikifika tutakwenda Dodoma kuzitetea, na ushahidi tunao migongoni.

Bajeti husomwa mwezi Juni. Mbunge wetu akija kuomba maoni, wazee, vijana na akina mama wa Kinole wamwulize swali moja juu ya kila msamaha atakaoupigia kura: unakwisha lini?