Wazee Waulizwe Kabla Maradhi Hayajabisha Hodi

Mkute mzee wa Kigogo nje ya nyumba yake pale Zuzu, umwulize hali. Atakujibu kuwa hajambo. Huenda tangu jana hajatia kitu tumboni, lakini jibu ni lilelile, kwa kuwa amelelewa asimpokee mgeni kwa malalamiko. Basi mpelekee karani mwenye karatasi ya maswali. Karani ataandika "hali nzuri", na karatasi hiyo itafika Dodoma mjini, itafika Dar es Salaam, pengine na Geneva, nayo haina kitu ndani.

Nimeitaja Zuzu kwa kuwa haina kisingizio cha umbali. Ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi, na Reli ya Kati inapita hapo ikielekea Kigwe na Bahi. Bunge lipo katika jiji hilohilo, na Chuo Kikuu cha Dodoma kipo humo tangu 2007. Kama hali za wazee wa Zuzu hazijulikani, za wazee wa mbali zaidi zitajulikanaje?

Tuitazame korona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Kufikia tarehe 29 Aprili hesabu ilikuwa wagonjwa 480, na baada ya siku chache takwimu zikaacha kutangazwa. Sitaki kufufua mabishano ya siku zile, yaliyosemwa yalisemwa. Nasema tu kwamba hata tungekuwa na hesabu ya kila siku, isingetuambia bibi mwenye miaka 75 aliishije. Alipiga nyungu kwa majani gani, na nani alimchemshia maji? Mwanawe wa mjini, kibarua kilipokwisha, aliacha kutuma fedha, au alirudi nyumbani na watoto watatu wa kulishwa? Tarehe 28 Julai 2021 chanjo ilipozinduliwa, waliopita miaka 50 waliwekwa katika kundi la kwanza pamoja na watumishi wa afya na wenye maradhi ya kudumu. Jambo jema. Lakini kumtanguliza mtu katika foleni hakutoshi ikiwa hujui kama ana miguu ya kumfikisha kwenye foleni hiyo.

Lawama hii haianzii kwenye korona. Utafiti mkubwa wa afya ya jamii unaofanywa nchini kila baada ya miaka kadhaa huwahoji wanawake na wanaume wenye miaka 15 hadi 49. Una sababu yake, maana unatafuta habari za uzazi. Hata hivyo, aliyefikisha miaka 50 huandikwa kuwa mmoja wa wanakaya, na dodoso la mtu binafsi humpita. Hesabu za UKIMWI nazo kwa miaka mingi ziliishia kwenye umri huohuo, ilhali mabibi ndio waliokuwa wakizika wana wao na kulea wajukuu. Ni utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliopima watu wa kila umri. Janga zima lilikuwa limekaa miongo mitatu mgongoni mwa bibi, na hakuna aliyemwuliza mgongo unaendeleaje!

Wenyeji wa Ugogo wanajua janga ni nini. Kati ya 1917 na 1920 palikuwa na njaa inayoitwa Mtunya. Mvua ilikosa, na majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yakachukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Wakati watu wamekwisha dhoofu, ikaja homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia nzima. Inakadiriwa walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Habari hizo hazikutoka katika makabrasha ya serikali peke yake. Mwanahistoria Gregory Maddox alizipata pia kwa wazee walioketi wakamsimulia, na mwaka 1990 akazichapisha. Ikiwa mzee aliaminiwa kueleza msiba wa utoto wake, kwa nini haaminiwi kueleza msiba wa uzee wake?

Mtanijibu kwamba siku za korona watafiti walipiga simu. Kweli walipiga, Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa kuwa kwenda nyumba kwa nyumba kulikuwa hatari. Siwalaumu. Ila simu humpata mwenye simu, na nyumbani simu ni ya kijana. Mzee akipewa, pengine sikio ni zito, pengine Kiswahili cha karani kinamkimbia na Kigogo karani hakijui. Jicho nalo lina yake. Mkoa huu umeteswa na trakoma, ugonjwa unaopinda kope zikakwaruza jicho mpaka giza liingie. Huko Kongwa umefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1980. Kikongwe wa namna hiyo hasomi ujumbe wala hajui nani anapiga. Waliotengwa zaidi ndio wasiopatikana hewani, nasi tunajumlisha bila wao.

Dawa yake haiwezi kutengenezwa siku maradhi yanapoingia. Zanzibar tangu Aprili 2016 inamlipa pensheni kila mkazi aliyefikisha miaka 70, mwenye michango na asiye nayo, na malipo hayo yamezaa daftari la majina: siku ya janga unajua pa kuanzia. Bara tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, na tunavyo vitambulisho vya matibabu. Kata moja kama Zuzu inaweza kuandika wazee wake wote kwa mkono wa wenyeviti wa mitaa na mabalozi: nani anaishi peke yake, nani haoni, nani analea wajukuu bila wazazi wao, jirani gani wa kuitwa usiku. Zoezi hilo halihitaji mfadhili.

Vijana wa chuo nao wajifunze kuuliza. Waache "unajisikiaje". Waulize: jana maji alikuchotea nani? Mara ya mwisho kuuza mbuzi ulitaka kununua nini? Kanisani au msikitini umeacha kwenda tangu lini? Mkwe akikusemesha kwa ukali, unakwenda kwa nani? Majibu ya maswali hayo hayafunikiki kwa adabu. Waende na kijana wa palepale anayejua Kigogo, na wakimaliza warudi kuyasoma majibu mkutanoni, mbele ya waliojibu.

Tena wachague majira. Watafiti wanapenda kwenda Juni na Julai, mavuno yameingia na njia imekauka. Wakati huo kila nyumba ina uwele wa kumpikia mgeni, na kila mzee ana nafuu. Waende pia Februari, ghala likiwa tupu, vijana wote wako shambani kupalilia, na mzee amebaki nyumbani na watoto wadogo.