Maji yenye rangi ya chai: Klorini ya kawaida huenda isitoshe

MVUA zinapoanza katika nyanda za juu za Kigoma, wazazi wa Kasanda, Kibondo na Kasulu huwa na swali moja: maji ya kijito yana povu na rangi ya chai, je, yana sumu?

Povu lenyewe mara nyingi halina madhara. Mvua hupita kwenye majani na mafunjo yaliyooza mabondeni, na asidi za mboji huyeyuka majini. Asidi hizo hujikusanya juu ya maji na kulegeza mvutano wa uso wake, kama sabuni ifanyavyo, ila kwa nguvu ndogo. Maji yakigonga mawe, hewa hunaswa na povu hudumu. Povu hilo hunuka udongo. Likinuka sabuni, mafuta au dawa ya shambani, usichote hapo. Mwarifu ofisa afya wa kata.

Hatari iko kwingine. Klorini ikitiwa kwenye maji ya rangi ya chai, sehemu yake humalizwa na asidi hizo. Inayobaki huenda isitoshe kuua vijidudu, na mzazi hudhani mtoto anakunywa maji salama. Kigoma inaijua gharama ya maji machafu: Mei 2015 kipindupindu kiliwakumba wakimbizi kutoka Burundi waliokusanyika Kagunga, kikawafikia na wenyeji.

Kwa hiyo fanya hivi:

• Acha maji yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi. Tope litapungua, ila rangi itabaki.

• Njia ya uhakika ni kuchemsha. Yakishatokota vizuri kwa dakika moja, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa.

• Ukitumia klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kwa maji machafu. Kwa kawaida ni mara mbili ya kile cha maji maangavu. Subiri dakika 30, kisha nusa. Pasipo harufu hafifu ya klorini, usiyaamini, yachemshe.

• Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi huwa na asidi hizo kidogo. Nayo yatibu kabla ya kunywa.

Mtoto akiharisha, mpe ORS iliyokorogwa kwa maji salama, endelea kumnyonyesha, na uombe vidonge vya zinki kituoni. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mpeleke kituo cha afya mara moja.