Kabla ya kununua shamba, chunguza mbu na maji

Watu wengi waliofanya kazi mijini wananunua mashamba katika kaunti za Migori na Homa Bay ili wajitegemee kwa umeme wa sola, kisima, ng'ombe na mboga zao. Ni wazo zuri. Lakini wanunuzi huuliza bei, hatimiliki na rutuba ya udongo, wakasahau afya. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la kwanza.

Tuanze na malaria. Huku karibu na Ziwa Victoria malaria huambukizwa mwaka mzima. Nairobi ni nadra. Aliyezaliwa Rongo au Mbita hupungukiwa na kinga akikaa mjini miaka mingi, nao watoto waliozaliwa mjini hawana kinga kabisa. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Homa Bay mwaka wa 2019, ni ya watoto wadogo. Haimfai kijana wa miaka 10 anayehamia leo. Kila kitanda kiwe na neti yenye dawa. Na mtu akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo.

Wengine bado huliogopa Bonde la Lambwe kwa sababu ya malale, ilhali Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka wa 2025 kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini. Heri waogope maji.

Kichocho hupenya ngozi ya anayeoga au kuteka maji akiwa amesimama ziwani. Huko Nyatike, wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki. Kuchemsha maji huua viini vya kipindupindu, lakini hakuondoi zebaki. Shamba likiwa chini ya machimbo, jenga tangi la maji ya mvua. Na popote utakapochimba kisima, choo kiwe upande wa chini, umbali wa mita 30 au zaidi.

Mwisho ni barabara. Usikague shamba Januari pekee. Rudi Aprili au Mei, wakati udongo mweusi umekuwa tope na Mto Kuja umefurika. Safiri kutoka shambani hadi hospitali inayoweza kuongeza damu, uhesabu saa. Malaria kali inaweza kumuua mtoto kabla ya siku kwisha. Iwapo huwezi kufika huko usiku wa mvua, tafuta shamba kwingine, hata kama bei ni nafuu.