Acheni kudharau saa za betri!



Leo nina hasira kidogo, mnisamehe. Jana usiku chumbani kwetu hapa UDOM ulizuka ubishi, mimi peke yangu dhidi ya watu wanne. Chanzo ni rumeti wangu. Bumu lilipoingia alishuka mjini, karudi na saa ya otomatiki, ile inayojitia ufunguo yenyewe ukitikisa mkono. Jina kubwa usoni, bei ya kutia mashaka. Sasa anatuhubiria: eti anayejua saa havai ya betri, ya betri ni ya watoto. Saa hiyohiyo Jumatatu ilimchelewesha UE dakika kumi na tano!

Jamani, tusome. Saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa duniani, Seiko Astron, ilitoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969. Bei yake yen 450,000, karibu sawa na Toyota Corolla ya wakati ule. Hiyo ndiyo ya watoto?

Na hilo jiwe msilidharau. Kwenye saa nyingi za leo linatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Lile la kwenye saa hukuzwa kiwandani, ila ndugu yake tunaye hapahapa Dodoma: krisoprasi ya kijani ya Haneti ni jamii ya kwatzi.

Sasa nendeni juu zaidi. Tangu 1993 Grand Seiko wana mashine ya 9F. Inapima joto mara 540 kwa siku na kurekebisha mwendo wake, kosa lake ni kama sekunde 10 kwa mwaka. Saa ya ufunguo ya Uswisi yenye cheti cha COSC inaruhusiwa kuwahi wastani wa sekunde 6 kwa siku. Zidisheni wenyewe: dakika 3 kwa mwezi! Hata Rolex walitoa Oysterquartz mwaka 1977, na leo wakusanyaji wanaisaka.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naikubali. Sakiti ikifa na kiwanda kimeacha kuitengeneza, huna pa kukimbilia. Saa ya ufunguo, fundi mzuri anaweza hata kukuchongea kipuri. Sawa. Lakini hiyo ni hoja ya ufundi, siyo ya kudharauliana.

Maana kilichoniuma siyo saa. Mle chumbani alikuwepo dogo wa mwaka wa kwanza, amevaa Casio F-91W, ile ya plastiki iliyotoka 1989. Ubishi ulipokolea nikamwona anavuta taratibu mkono wa shati, anaificha.

Dogo, usiifiche. Jumatatu kwenye UE wewe uliwahi.

Haya, niiteni mshamba. Ila kesho mkitaka kujua ni saa ngapi, msimuulize rumeti wangu. Kazi kwenu!