Nani kasema ukuta wetu ni wa muda?

Mwezi uliopita niliingiwa na ujumbe wa mistari 2 kwenye simu. Ulisema alama yetu imeondolewa kwenye ramani ya mchezo kwa sababu ni "kitu cha muda". Nikausoma mara 3. Halafu nikatoka nje kuangalia kama ukuta bado upo. Ulikuwepo.

Kwa wasiojua: kuna michezo ya simu ambayo huwezi kuicheza ukiwa umekaa. Lazima utembee. Ramani yake ni ya dunia hii hii, na juu yake kuna alama: kanisa, msikiti, sanamu, uwanja, mchoro wa ukutani. Ukifika kwenye alama unapata vitu vya kuendelea na mchezo. Pokémon GO, iliyotoka 2016, ndiyo inajulikana zaidi. Sisi tunacheza mwingine wa aina hiyo, na sitautaja jina. Wachezaji wenyewe ndio wanapendekeza alama: unapiga picha, unaandika maelezo, na wachezaji wengine wa mbali wanaamua.

Hapa Dzaleka kikundi changu kina vijana 11 na simu 3. Tulipendekeza mchoro ulio nyuma ya jengo tunalokutania: mama amebeba godoro kichwani, na nyuma yake kuna ziwa. Aliyevuka Tanganyika usiku hahitaji kuelezwa. Ukakubaliwa. Kwa miezi 5 hiyo ndiyo ilikuwa alama pekee tuliyoweza kuifikia kwa miguu. Kumbuka, hapa huruhusiwi kwenda tu Lilongwe unapotaka, zaidi ya kilomita 40. Kwa mtu ambaye hawezi kutembea mbali, alama 1 ni karibu mchezo mzima. Kisha mtu fulani, mahali fulani, akaripoti. Ikafutwa.

Kitu cha muda. Haya, tuhesabu basi. Dzaleka imekuwa kambi tangu 1994. Kabla ya hapo ilikuwa gereza, enzi za Rais Banda. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Kuna watu wamezaliwa humu, wamesoma humu, wameoana humu, na sasa wanapeleka watoto wao shule humu humu. Tumaini Festival inafanyika hapa tangu 2014, na wageni wanatoka mjini kuja kuangalia sanaa yetu. Pokémon GO yenyewe ni mdogo wa kambi hii kwa miaka 22. Kama kuna kitu cha muda hapa, ni michezo ya simu!

Mama anayeuza mandazi pale ukutani nilimwelezea habari hii. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mtoto wangu, hii ukuta njo naegemeaka kila siku. Iko ya muda namna gani?"

Sisemi kila alama lazima ibaki. Mwaka 2016 mji wa Hiroshima uliomba alama za Pokémon GO ziondolewe kwenye bustani ya kumbukumbu ya bomu la atomiki, zikaondolewa. Jumba la makumbusho la mauaji ya Wayahudi kule Washington nalo liliomba watu wasichezee ndani. Sawa kabisa. Lakini angalia walioomba ni akina nani: wenye mahali. Sisi nani alituuliza?

Ndugu mmoja wa shirika aliniambia, "Kaka, posho inapungua, na wewe unalilia mchezo?" Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Leo namjibu. Posho na mchezo havigombani, ndugu yangu. Ninachogombana nacho ni neno. Ukiuliza habari ya kufanya kazi nje ya kambi, unaambiwa ninyi mko hapa kwa muda. Ukiuliza nyumba ya tofali la kuchoma, muda. Sasa hata mchoro wa ukutani, muda. Wewe una mkataba, ukiisha unahamia nchi nyingine, tunakuaga kwa soda. Sisi tunabaki. Kati yetu, nani wa muda?

Kwa hiyo tumekata rufaa. Tumeweka picha 3: moja ya karibu, moja ya mbali inayoonyesha jengo zima, na moja ya mwaka juzi yenye mchoro ule ule. Chini tukaandika: ukuta huu unatumika kila siku, na sisi ndio tunaoutumia.

Kwenu wakaaji wenzangu: kama una picha ya zamani ya ukuta ule, hata ya harusi, niletee. Huo ni ushahidi. Msiseme ni mambo ya watoto. Ramani ambayo haina jina letu leo kwenye mchezo, kesho haitakuwa nalo kwenye kitu kikubwa zaidi.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika: mna intaneti nzuri kuliko sisi. Tusaidieni kutuma picha, maana bando letu linaisha katikati. Na mkiandika ripoti, kabla ya kuweka neno "muda" muulizeni mtu aliyekaa hapa miaka 20 kama linamfaa.

Rufaa ikikataliwa, tutapendekeza mchoro upya. Upande wa ziwa rangi imefifia. Jumamosi tunaupaka tena, saa 3 asubuhi. Mwenye brashi aje nayo.